Lita Zinazoungua Kivukoni

Ofisi nzima ilimwita Bibi Lita, na yeye aliitika. Kuna watu wakipewa jina la utani hununa hadi siku ya kustaafu, lakini huyu alilipenda la kwake, maana lilieleza kazi yake vizuri kuliko kile cheo kirefu kilichobandikwa mlangoni. Kazi yenyewe ilikuwa kujua kila gari linaloingia mjini linakunywa mafuta kiasi gani: likitembea kwa mwendo wa kutulia, likipanda mwinuko, likikwama kwenye foleni, na hasa likisimama kwenye taa nyekundu kisha kuondoka tena. Alikuwa ametengeneza modeli ya kompyuta iliyoubeba mji mzima. Kwenye skrini magari yalikuwa vidoti tu, lakini kila kidoti kilikuwa na kiu yake. Ukiongeza muda wa taa ya kijani pale njia panda ya soko, modeli inakwambia mji utaokoa lita ngapi hadi jioni, au utapoteza ngapi.

Halmashauri ilikuwa imetangaza kwa mbwembwe nyingi kwamba mafuta yanayoungua bure barabarani sasa basi. Taa zote za mji zingepangwa upya kwa kufuata modeli, na taa itakayoonekana inakula mafuta kupita kiasi ingeng'olewa. Mkurugenzi wa kitengo cha barabara aliipenda modeli ile kama mtu anavyolipenda gari jipya ambalo hajui kuliendesha. Aliitaja kwenye kila kikao. Akiulizwa inafanyaje kazi, anamtazama Bibi Lita.

Sasa, Mkurugenzi huyo alikuwa na taa yake moja aliyoichukia. Ilikuwa kwenye barabara kuu ya kuingia mjini, mbele ya kliniki ya mazoezi ya viungo: kivuko cha watembea kwa miguu, chenye kitufe cha kubonyeza. Mgonjwa akibonyeza, magari yote yanasimama. Mkurugenzi aliishi kule juu kwenye barabara hiyo, na karibu kila asubuhi kitufe kilimkamata. Aliingia ofisini akilalamika kwamba mtu mmoja anajikokota kuvuka huku barabara nzima ikimtolea macho, na kwamba hayo ndiyo mafuta yanayoungua bure yenyewe, mtu hahitaji hata modeli kuyaona.

Hakujua, au labda alijifanya hajui, kwamba huyo mtu mmoja anayejikokota mara nyingi alikuwa baba yake Bibi Lita.

Mzee huyo alikuwa refa wa mpira enzi zake, na refa wa kweli, wa kuzomewa. Kiharusi kilimchukua mguu wa kushoto na nusu ya nguvu za mkono, lakini mdomo kilimwachia mzima. Aliishi na binti yake kwenye nyumba iliyotazamana na kliniki. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amemwambia kwamba kutembea mwenyewe kuifuata tiba ni nusu ya tiba, na mzee akalishika neno hilo kwa meno. Kiti cha magurudumu alikikataa. Alisema refa akibebwa, mpira umekwisha. Kwa hiyo kila asubuhi alikamata fremu yake ya kutembelea, chuma chepesi chenye miguu minne, akavuka barabara kuu kwa mtindo wake: fremu mbele, mguu mzima, mguu mgonjwa, pumzi. Kwenye mfuko wa shati alikuwa bado anaweka kadi ya njano. Gari likikanyaga mstari mweupe kabla hajapita, anasimama katikati ya barabara, anaitoa kadi, anamwonyesha dereva, anairudisha mfukoni, ndipo anaendelea.

Binti yake aliona aibu ya kufa mtu. Alitembea ubavuni kwake mkono mmoja ukiwa tayari kumdaka, na mwingine akiwapungia madereva kuwaomba radhi. Alimhimiza, "Haraka baba, taa inabadilika," na mzee alijibu vilevile kila siku, kwamba mwenye saa uwanjani ni refa.

Modeli ilipotoa majibu yake ya kwanza, Bibi Lita alirudi nyumbani moyo mweupe. Taa ya kliniki ilikuwa imeonekana haina kosa kubwa. Kusimamisha magari pale na kuyaachia tena kuligharimu mafuta kidogo sana, na modeli ilishauri iachwe ilivyo. Alimwambia baba yake kwamba taa inabaki, na mzee akauliza ni nani aliyekuwa amesema itaondoka.

Mkurugenzi hakufurahi hata kidogo. Alimwita, akamwambia kwa upole wa kutisha kwamba majibu hayo hayamwingii akilini, arudie vipimo. Bibi Lita alijua ni chuki ya taa tu. Alitoka kwa hasira, akaapa kwamba safari hii atapanda mwenyewe gari la vipimo, apime kwa macho yake, halafu amletee Mkurugenzi majibu yaleyale juu ya sinia.

Gari la vipimo lilikuwa gari dogo la kawaida lililofungwa kifaa kwenye bomba la mafuta, na waya wake ukapita chini ya zulia hadi kwenye kompyuta ya kiti cha nyuma. Liliendeshwa na dereva mmoja tu, mtu mzima, mpole, waliyemwita Mzee Taratibu. Alikuwa amelizungusha mjini msimu mzima, na kila tone lililopita kwenye lile bomba lilikuwa limeingia kwenye modeli. Bibi Lita hakuwahi kupanda. Yeye namba zilimfikia mezani zikiwa safi, naye alizipokea kama mtu anayeletewa chai.

Walianza safari. Kwenye taa ya kwanza, kijani kilipowaka, Mzee Taratibu hakuondoka. Aliiachia klachi kwa heshima. Gari likafikiri. Kisha likaanza kuteleza mbele pasipo mtikisiko wowote, kiasi kwamba Bibi Lita alilazimika kutazama nje ili ajue kama wanakwenda. Nyuma yao honi zililia. Basi liliwapita kwa kulia na utingo wake akatoa kichwa dirishani kusema lake. Mzee Taratibu hakugeuka. Kwenye taa ya pili ilikuwa hivyohivyo, na ya tatu.

"Mzee wangu," Bibi Lita alisema mwishowe, "siku zote unaondoka hivi?"

"Siku zote, dada. Mimi nimeendesha gari la maiti tangu ujana wangu mpaka ile kampuni ilipofungwa. Pale ukikanyaga mafuta ghafla, jeneza linarudi nyuma, na wafiwa wanakutazama. Mguu ukishazoea hauna tena njia nyingine."

Bibi Lita alicheka. Alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu alielewa alichokifanya. Modeli yake ilikuwa imejifunza udereva kwa mtu huyu mmoja. Vile vidoti vyote kwenye skrini, mabasi, teksi, vijana wa pikipiki, wafanyabiashara wanaochelewa, kwenye modeli yake vyote viliondoka kwenye taa kama vinakwenda mazikoni. Mji wa namna hiyo haukuwepo popote duniani. Na ndiyo maana taa ya kliniki ilionekana haili mafuta: kwa Mzee Taratibu kusimama na kuondoka hakukugharimu kitu. Mtu mwingine yeyote aliondoka kama aliyechomwa sindano.

Alirudi ofisini amejaa fadhaa, akaanza kuazima madereva. Mhasibu aliendesha gari la vipimo, akabana mikono kwenye usukani na kukanyaga breki kila alipoona kivuli. Dada wa mapokezi, mpole kuliko wote ofisini, aliliendesha kana kwamba anafukuzwa. Dereva wa Mkurugenzi mwenyewe aliondoka kwenye kila taa kwa kishindo, kwa mazoea ya kuambiwa amechelewa. Kifaa kikapima, waya ukapeleka, na Bibi Lita akaifundisha modeli upya.

Majibu yalipotoka aliyasoma, akafunga mlango, akayasoma tena. Taa ya kliniki ilikuwa imepanda hadi juu kabisa ya taa zinazokula mafuta. Iko chini ya mwinuko, magari yanaifikia kwa kasi, yanafunga breki, halafu yanaunguruma kupanda tena. Kwa modeli yake mwenyewe, kwa hesabu yake mwenyewe, taa ile ilitakiwa kwenda.

Tusimsingizie utakatifu. Alikaa na vidole juu ya kompyuta akawaza kuvifuta vipimo vipya vyote. Hakuna mwingine aliyeyaona majibu. Mkurugenzi angepewa majibu ya kwanza pamoja na maneno kwamba yamehakikiwa, na Mzee Taratibu angeendelea kuzunguka mji bila kuitikisa hata glasi ya maji. Alijaribu kwanza kutafuta mlango wa haki. Aliiambia modeli kwamba taa ikiondolewa na kujengwa daraja la juu, wagonjwa wasioweza kupanda ngazi zake watapanda teksi, teksi itakwenda kugeuzia kwenye mzunguko wa barabara kule juu na kurudi, na hayo pia ni mafuta. Modeli ikahesabu kwa utii. Wagonjwa walikuwa wachache mno. Bila taa, mji bado uliokoa.

Jioni alimweleza baba yake yote, hata wazo la kufuta. Walikuwa sebuleni, mzee akiufinyafinya mpira laini kwa mkono mgonjwa kama alivyoagizwa. Kwanza alihamaki. Alitaka kujua kama kweli serikali imekaa kitako ikapata kwamba yeye, asiyejua hata kuendesha, ndiye anayemaliza petroli ya mji. Binti akajaribu kumweleza, naye akamkatiza.

"Umeshaliona kosa lako?"

"Nimeliona, baba."

"Basi puliza. Hata mchezaji akiwa mwanao, akiotea unapuliza." Aliubana mpira, ukamtoka, ukabingirika chini ya meza. "Lakini nikwambie kitu ambacho marefa wengi hawakijui. Ukishapuliza watakujia wote wakupigie kelele usoni. Usirudi nyuma hata hatua moja. Simama palepale. Sasa niokotee mpira wangu."

Kamati ilikutana kwenye chumba cha mikutano chenye meza ndefu na feni iliyolegea. Bibi Lita alisimama mbele yao na kusema kosa lake bila kulipamba. Aliposema mji mzima ulikuwa umefundishwa kuendesha na dereva wa gari la maiti, wajumbe waliangua kicheko, na mmoja akauliza kama alama za barabarani nazo zingepigwa rangi nyeusi. Alingoja wamalize. Kisha akawaonyesha vipimo vipya, akawaonyesha taa ya kliniki pale juu ilipofika, na hata hesabu ya teksi hakuificha.

Mkurugenzi aliketi akitabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi mlangoni. Alimpongeza kwa uaminifu. Alisema sasa mambo yako wazi: taa inatoka, panajengwa daraja la juu lenye ngazi, kila mtu anafurahi. Akalisogeza juu ya meza karatasi la mapendekezo, ambalo kwa kanuni halikuweza kwenda halmashauri bila saini ya mtengenezaji wa modeli.

"Hesabu naikubali," Bibi Lita alisema. "Kuing'oa taa sikubali."

Mkurugenzi alimwuliza, bado kwa upole ule, kama si yeye aliyetoka kuwaonyesha kwamba taa ile inakula mafuta kuliko zote.

"Ni mimi. Inakula, na itaendelea kula. Lakini mimi najua nilivyoitengeneza hii modeli. Anayevuka kwa miguu sikumweka humo. Nilichoweka ni sekunde nyekundu, basi. Hanywi mafuta, kwa hiyo kwenye modeli hayupo. Modeli ikisema hapo panapotea kitu bure, ni kwa sababu haimwoni mtu anayepita."

"Wewe uliajiriwa kuhesabu mafuta."

"Na nimeyahesabu, Mkurugenzi. Nimeyahesabu vizuri kuliko mara ya kwanza. Sasa nasema lita hizo acheni ziungue."

Mjumbe mmoja alikohoa. Neno kama hilo kutoka kinywani mwa Bibi Lita lilikuwa kama kumsikia mwashi akisema ukuta ubomoke. Mkurugenzi aliacha kutabasamu. Alijikunja mbele na kutoa alichokuwa amekificha siku zote. Aliwaambia wajumbe kwamba waelewe tu, baba yake huyu dada anavuka pale, wamemwona wote, yule mzee wa kadi. Kwa hiyo hapa hapana utaalamu, kuna familia.

Uso ulimwaka Bibi Lita. Zamani angetazama chini. Alihisi miguu ikitaka kurudi nyuma, akaikaza palepale ilipo.

"Ni kweli, ni baba yangu," alisema. "Navuka naye kila asubuhi, ndiyo maana najua kinachopita pale, na nyinyi mnajua honi tu. Ningekuwa nataka kumpendelea ningefuta vipimo nikanyamaza, na hakuna hata mmoja wenu angejua. Baba yangu anavuka pale kliniki. Wa kwenu wanavuka wapi?"

Karatasi lilibaki mezani, na mahali pa saini pakabaki peupe. Mkurugenzi alimwambia mbele ya wote kwamba kuanzia Jumatatu atahamia kitengo cha stika za maegesho, kule chini ghalani, mpaka akili imrudie au apatikane mwingine wa kuimiliki modeli. Kila mtu chumbani alielewa kwamba huo ulikuwa mlango wa kutokea, na kwamba kule chini watu wengi walikuwa wameishia kumwaga unga. Bibi Lita alisema amesikia. Alikusanya vitu vyake, na alipopita nyuma ya viti mjumbe aliyefanya utani wa rangi nyeusi alimnong'oneza pole. Hakuitikia. Hakuona anapewa pole ya nini.

Jumatatu asubuhi alimvusha baba yake kama kawaida. Mzee alikuwa ameambiwa kila kitu, naye alikuwa kimya, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Alibonyeza kitufe. Magari yakateremka mwinuko kwa kasi, yakafunga breki, yakasimama. Mbele kabisa, kwenye njia ya katikati, lilikuwa gari la Mkurugenzi. Dereva wake alikuwa anaingurumisha injini kwa mguu, vruu, vruu, kwa mazoea yake, na Mkurugenzi alikaa nyuma na simu mkononi.

Fremu mbele, mguu mzima, mguu mgonjwa, pumzi. Walikuwa wamefika mbele ya gari lile hasa taa ilipobadilika. Honi zikaanza kule nyuma, kisha zikasogea mbele. Bibi Lita alijua bila kutaka kila injini pale ilikuwa inakunywa kiasi gani. Namba zilimpita kichwani zenyewe. Mkurugenzi aliinua uso kutoka kwenye simu, akawatambua, akamtazama binti moja kwa moja kupitia kioo. Alikuwa anangoja ule mkono. Aliuzoea kama madereva wote wa barabara ile, mkono wa kuomba radhi.

"Imebadilika?" mzee aliuliza.

"Imebadilika, baba."

Na hapo mzee akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Aliharakisha. Alitupa fremu mbele kwa papara, akauburuta mguu, fremu ikayumba, mguu mmoja wa chuma ukainuka. Bibi Lita alimdaka kiwiko. Alimwona usoni, na alichokiona si woga wa magari. Mzee huyu aliyewahi kuzomewa na uwanja mzima asipepese jicho alikuwa anakimbia kwa ajili ya kazi ya binti yake.

Bibi Lita akapandwa na hasira safi, hasira tamu.

"Usiharakishe, baba," alisema.

Mzee alisimama kupumua. Bibi Lita alipeleka mkono kwenye mfuko wa shati la baba yake, akatoa kadi ya njano, akageuka kulielekea gari la Mkurugenzi. Mkono uleule uliozoea kupunga radhi aliuinua, na kadi ikiwa ndani yake. Mguu wa dereva uliacha kuchezea injini. Honi moja ikanyamaza, nyingine zikaendelea.

Mzee alimtazama binti yake juu chini, kama mtu anayekagua kazi.

"Umeishika chini mno," alisema. "Inua, waione mpaka wa nyuma."

Akainua.